Mwamshe, Mwambie ni Mimi

Jumamosi iliyopita nilikwenda Mzumbe kumjulia hali mama mkwe wa rafiki yangu, aliyekuwa amerudi kutoka Dar baada ya dripu yake ya tatu ya kansa. Tulikuwa wageni saba sebuleni. Tukaletewa chai ya rangi iliyotiwa mdalasini, na kabla sijaifikisha mdomoni ile harufu ilinishika kifuani, nikabaki nimekishikilia kikombe hivyohivyo. Rafiki yangu alituambia kwa sauti ya chini kwamba mama ndiyo kwanza amepata usingizi, usiku kucha alikuwa amekaa. Tukaitikia wote, "Maskini, pole yake." Halafu mgeni mmoja, mwanamke wa makamo mwenye mfuko wa machungwa miguuni, akatamka maneno ambayo sikuwa nimeyasikia kwa miaka mingi: "Sasa mwamsheni basi, tumsalimie tuondoke."

Wenzangu wa rika langu mliokulia vijijini mnayajua maneno hayo. Pengine mmeyasema. Mimi niliyasikia kila siku ya Mungu nikiwa darasa la tatu, na kibaya zaidi, mimi ndiye niliyekuwa nikitumwa kuyatekeleza. Nitasema nilichofanya pale Mzumbe, lakini kwanza niseme kwa nini maneno yale yalinishika hivyo.

Kwetu ni Mkuyuni, milimani. Nyumba yetu ilikuwa ya upande wa mama, kwa sababu kwetu Waluguru shamba na watoto huhesabiwa kwa mama, na mwenye kauli ya mwisho ni mjomba. Baba alikuwa Dakawa kwenye mpunga, alikuja na kuondoka. Mjomba Rajabu, kaka mkubwa wa mama, ndiye aliyekuwa akija nyumbani na kanzu iliyopigwa pasi pale jambo lilipokuwa limeshaamuliwa. Akija yeye, ujue shamba linagawanywa, au kuna binti kaposwa, au kuna mtu atafukuzwa. Hakuwa mtu wa kuja kunywa maji tu.

Mama alikatwa titi la kushoto Dar, akarudi na mkono uliovimba na tarehe za kurudia dripu. Wakati ule neno kansa halikutamkwa ndani ya nyumba. Watu walisema "ule uvimbe wake". Nilitolewa shule nimwangalie, na usiku nililala naye kitanda kimoja, upande ambao hawakumkata, kwa hiyo mimi ndiye shahidi: mama yangu alikuwa halali. Joto lilimtoka ndani mpaka shuka likaloa, kisha baridi. Akigeukia kushoto kidonda, akigeukia kulia mkono ule mzito haukuwa na pa kuwekwa. Niliposhtuka usingizini nilimkuta amekaa, mgongo ukutani.

"Mama, unatafuta nini?"

"Natafuta usingizi," alisema. "Jana nilikuwa nao hapahapa, sijui nimeuweka wapi."

Nami nikashuka kitandani nikachungulia mvunguni. Alicheka, akashika ubavu. Mama yangu alikuwa mtu wa mzaha, hilo mliweke akilini, maana watu wakimkumbuka leo wanamkumbuka kwa ugonjwa tu.

Mchana, jua likishapasha kibaraza, ndipo usingizi ulipomjia. Alikuwa ameketi kwenye mkeka akichambua maganda ya mdalasini, kisu kikapungua mwendo, kichwa kikainama. Sasa sikilizeni ujinga wangu. Madrasani, ustadhi alikuwa ametufundisha kusoma dua kabla ya kulala, akaeleza sababu: usingizi ni ndugu wa mauti. Wenzangu walisikia dua. Mimi nilisikia ndugu. Nikaliwazia jambo lile kwa akili ya mtoto wa Kiluguru: ndugu hatangulii bure. Kama usingizi ni kaka yake mauti, basi ndiye mwenye kauli, anakuja na kanzu yake safi kukagua, akiridhika anakwenda kumwita mauti mwenyewe. Na huyu kaka alikuwa anakuja kwetu kila siku saa tano asubuhi, anakaa juu ya macho ya mama yangu.

Nikaamua kumfukuza. Nilimtekenya mama nyayo kwa unyoya wa kuku. Nilidondosha mfuniko wa sufuria. Nilimwuliza hesabu ambazo majibu yake nilikuwa nayo. Kila alipofumba macho nilikuwa hapo, na kila alipofumbua na kunitazama kwa yale macho mekundu, nilijua nimemwokoa tena. Mama Saidi, jirani yetu muuza vitumbua, aliona kazi yangu akanisifu mbele ya watu.

"Mtoto huyu kazaliwa na huruma. Hamwachi mama yake alalelale ovyo. Mgonjwa akizoea kulala mchana, haamki huyo."

Akanipa kitumbua cha moto, nikakila kwa fahari. Naomba mlitazame jambo hilo. Mtoto alikosea kwa sababu ni mtoto, na mtu mzima mwenye wajukuu akamchochea.

Ningekuwa peke yangu pengine ningechoka, maana watoto huchoka, wakaenda kucheza. Lakini nilikuwa na wasaidizi kijiji kizima. Walianza kuja alfajiri, wakiwahi kabla ya kupanda mlimani mashambani, na wa mwisho waliondoka magharibi. Walikuja na papai, na mayai matatu kwenye bakuli, na robo ya sukari. Sikatai, walikuja na mapenzi pia. Lakini hodi ikipigwa na mimi nikisema mama amejinyoosha, jibu lilikuwa lilelile kwa wote, kana kwamba walikuwa wamekaa kikao.

"Mwamshe, mwambie ni mimi."

Ni mimi! Kwetu ziara ambayo mgonjwa hakuiona haikuwa ziara. Ukija ukamkuta amelala ukaondoka, siku ukiugua wewe atasema hukumjia, na msibani kwako watu watakumbushana. Kwa hiyo mama yangu aliamshwa ili awe shahidi wa watu. Aliamshwa, akajifunga khanga, akakaa, akasema "nzuri, nashukuru" kwa yule, na kwa yule, na kwa yule. Nao wakishakaa wakaanza habari zao. Kuna mmoja, sitamtaja, aliyekaa toka saa nne mpaka adhana ya adhuhuri akimsimulia mama habari za shemeji yake wa Matombo. "Ilikuwa titi hilohilo la kushoto, Mwanahawa. Hilohilo! Tukamzika mfungo sita." Akala na ubwabwa wetu.

Wahenga wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Aliyeitunga methali ile hakuwahi kuugua kwenye kijiji chenye watu wengi. Nimekuja kusikia ukubwani kwamba hata dini inatufundisha ziara ya mgonjwa iwe fupi, mtu asimchoshe. Wote waliokuja kwetu walikuwa wamesoma kuliko mimi. Hilo hawakulisoma?

Siku ya zahanati nilimsindikiza, nikambebea daftari lake. Nesi alimpima uzito akaandika, akampima presha akaandika, akamchoma kidole kuangalia damu akaandika. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimejua kusoma mwandiko wa watu wazima, nikasimama pembeni nikifuata kalamu.

"Lakini dada, kinachonimaliza mimi ni kutolala," mama alisema. "Maumivu nayavumilia. Usingizi sina kabisa, wiki ya ngapi sijui."

"Unawaza sana, mama. Usiwaze. Kunywa maziwa ya moto."

"Nimekunywa."

"Basi shukuru Mungu umeamka. Kuna wenzio hawakuamka."

Kalamu haikugusa karatasi. Nilitazama mpaka daftari likafungwa, na ule usingizi wa mama haukuandikwa popote. Nesi akasema tu kwamba damu imeshuka na uzito umeshuka, na akienda Dar akiwa hivi watamrudisha bila dripu. Mama akasema asante. Njiani alisimama mara tatu kupumzika kwenye kile kilima ambacho zamani alikipanda na gunia kichwani.

Siku ile ile, mchana, alilala kibarazani. Kwa bahati hapakuwa na mgeni. Nikachukua unyoya wangu. Mama aliamka akanipiga kofi.

Hakuwahi kunipiga kabla, na kofi lenyewe halikuwa na nguvu, mkono wake ulikuwa umekwisha. Tulitazamana, tukashangaa wote wawili. Kisha akaanza kulia, kilio cha mtoto, mdomo wazi.

"Nimekukosea nini? Niambie. Nimekukosea nini mwanangu mpaka huniachi nilale?"

Nikamweleza yote. Ustadhi, ndugu wa mauti, kanzu safi, namna nilivyokuwa nikimfukuza kila siku. Alinisikiliza akiwa na machozi mashavuni, na nilipofika kwenye kanzu akaanza kucheka, akacheka mpaka akajikunja, akishikilia kidonda na kuniomba ninyamaze.

"Sasa huyo unayemfukuza," alisema alipopata pumzi, "ndiye ninayemwomba usiku kucha aje. Sifi kwa kulala, mwanangu. Nakwisha kwa kutolala."

Nilijisikia nimepigwa tena, na hili la pili lilikuwa na nguvu. Miezi mizima! Lakini mama hakuniacha nikae na jambo hilo. Alinipa kazi mpya papo hapo. Nyuma ya nyumba tulikuwa na banda ambamo mdalasini uliokwisha kukauka ulipangwa ukingoja mnunuzi, maganda yamejikunja, yamefika hadi paani. Mlikuwa na giza na ubaridi, na hapana mtu anayepiga hodi bandani. Tukatandika magunia na mto mmoja wa kuegemeza mkono. Mimi nikae mlango wa mbele.

"Usidanganye mtu," alinionya. "Waambie mama amelala, waache salamu, akipona atazifuata moja moja."

Aliingia bandani saa tano. Mama Saidi alikuja, nikamwambia. Akanitazama kama aliyemezeshwa ndimu, akachungulia chumbani kwetu bila hodi, akauliza amelala wapi mtu ambaye kitandani hayupo. Nikasema amelala anapolala. Nilikuwa na adabu, nilimwamkia kwanza. Wakaja wengine wanne, nikawaamkia wote na kuwarudisha wote. Adhuhuri ikaadhiniwa, ikapita. Karibu na alasiri mlango wa banda ukalia, mama akatoka, alama za maganda zimejichora shavuni, nywele zimejaa vumbi la mdalasini. Alisimama uani akiunyoosha ule mkono mzima.

"Njaa inaniuma," alisema.

Nilikuwa sijalisikia neno hilo tangu arudi kutoka Dar. Alikula ugali na kisamvu, akaongeza. Jioni alinifundisha kulibandua ganda bila kulipasua, akamwigiza nesi na maziwa yake ya moto mpaka nikagaagaa chini. Siku nne tuliishi hivyo. Siku nne nilikuwa na mama. Hasira yangu yote hadi leo inasimama juu ya siku hizo nne, kwa sababu bila hizo ningeamini wanaosema kwamba ndivyo ugonjwa ule ulivyo, hakuna ambacho kingefanyika.

Siku ya tano alikuja Mjomba Rajabu, na kanzu imepigwa pasi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mama yako yuko wapi?"

"Amelala."

"Mwamshe."

"Amesema asiamshwe, mjomba. Na mtu yeyote."

"Na mimi ni mtu yeyote?"

Sikutoka mlangoni. Mjomba hakupandisha sauti, alizungumza kama anayeeleza bei ya kitu.

"Toka lini mtoto wa dada yangu akanizuia mlango kwenye nyumba ya mama yangu?"

Akazunguka nyumba. Katikati ya ua akaita, "Mwanahawa!" kwa ile sauti ambayo watu wa milimani huitana nayo kutoka upande mmoja wa bonde hadi wa pili. Mama alitoka anayumba, khanga imemkaa upande, macho hayajafunguka vizuri. Alikuwa amelala kwa muda mfupi tu.

"Mgonjwa hafichwi," mjomba alisema. "Watu wameanza maneno. Wanasema tumekuficha bandani, kuna jambo. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Kaka, sijafichwa na mtu. Nalala."

"Utalala ukipona."

Sijapata kuisahau sentensi hiyo. Wanaume wawili wa jirani wakaitwa, kitanda chetu kikatolewa chumbani kikawekwa sebuleni, kinatazama mlango, na mlango ukaachwa wazi ili watu waone kwamba ukoo wetu hauna cha kuficha. Mimi nikakatazwa kukaa mbele. Mama hakubishana. Alikuwa mdogo wake, nyumba ilikuwa ya ukoo, na nauli ya Dar ilitoka kwa mjomba. Nilimwona akilikubali jambo lile kidogo kidogo, kuanzia mabegani.

Wakaja. Jamani, walikuja! Waliorudishwa zile siku nne walikuja mara mbili mbili kufidia. Mama alikaa kitandani akipokea pole. Safari mbili zilizofuata za Dar alirudishwa bila dripu. Damu haitoshi, mwili umechoka. Safari ya pili alirudi na neno limeandikwa daftarini kwa wino mwekundu, nikalisoma mwenyewe: apumzike. Hatimaye kalamu ilikuwa imeliandika. Mjomba alilisoma kwa sauti mbele ya wageni wanane, pale pale sebuleni, wote wakatikisa vichwa na kusema kweli kabisa, apumzike, halafu wakaendelea kukaa.

Sisemi usingizi ungeiponya kansa. Mimi si mtoto tena. Huenda angekufa mwezi uleule, saa ileile. Lakini alikuwa na miezi aliyobakishiwa, na miezi ile ilikuwa mali yake, ya kula kisamvu na kuwaigiza manesi na kunifundisha kubandua maganda. Hiyo hakunyang'anywa na kansa. Tulimnyang'anya sisi, tukiwa na mayai matatu kwenye bakuli.

Alifariki asubuhi, wakati wa mavuno ya mdalasini. Alilazwa ndani, kwenye chumba chetu cha zamani, mlango ukarudishwa, na hapo nikaona jambo ambalo sikulitarajia. Watu wote walikuwa wananong'ona. Walivua viatu mbali, wakatembea kwa vidole. Mtoto aliyeangusha kikombe alifinywa. Yule wa shemeji wa Matombo alipita akiwa amejiziba mdomo kwa khanga. Nilipoanza kulia kwa sauti, Mama Saidi alinivuta kwapani mwake akaniwekea kidole midomoni.

"Shii, mwanangu. Usimpigie mama kelele. Mwache, sasa amepumzika."

Nikajitoa kwake. Nikasimama katikati ya wanawake wale na mikeka yao, nikasema kwa sauti iliyofika uani kwa wanaume: "Mwamsheni! Mwamsheni, mwambieni ni mimi!"

Mjomba Rajabu alikuwa karibu na dirisha, nilimwona kupitia nondo, akainamisha kofia yake. Kisha mtu akanibeba nje, nikasikia wakiambiana kwamba mtoto amechanganyikiwa na msiba. Sikuwa nimechanganyikiwa. Tangu azaliwe mtoto yule hakuwahi kuwa na akili timamu kama siku ile.

Sasa Mzumbe. Rafiki yangu alikuwa ameshainuka, mkono uko kwenye kitasa. Ni mkwe, angefanya nini? Niliweka kikombe chini, nikachukua kiti changu nikakipeleka mpaka mlango wa chumbani, nikakaa, mgongo mlangoni.

"Mama amelala," nikasema. "Acheni salamu, nitamfikishia, na majina yenu nitamtajia."

"Wewe ni nani wake?" aliuliza mwenye machungwa.

"Si mtu wake. Ni mgeni kama wewe."

Wamenisema, na habari zimeshanifikia kwamba nina kiburi na sikufunzwa kwetu. Waseme. Waliondoka mmoja mmoja na machungwa yakabaki. Chai yangu ilipoa, ile harufu ikabaki sebuleni, nami nikakaa pale mlangoni, adhuhuri ikapita, na alasiri ikaingia, mpaka alipoamka mwenyewe.